Athari

Mimi karani wa maji. Nauza nusu saa.
Hapa juu ya Suhar, njia ya Wadi Jizi,
nusu saa ya falaji huitwa athari,
neno lile lile ambalo Bibi, mzaliwa wa Wete,
alilitumia kwa kovu la moto mkononi.
Mchana napima kwa mti uliosimikwa na kivuli chake.
Usiku wazee walipima kwa nyota;
mimi nina simu.

Leo zamu ya kina Thuwaini imechelewa.
Nimekaa ukingoni, daftari gotini,
na wale wawili wamenijia tena
kama wanavyonijia kila nikisubiri.

Mmoja Denha, shemasi wa kanisa la udongo huko pwani,
karne ambayo adhana haijasikika bado:
meno mabovu, sauti ya mtu aliyezoea kusoma peke yake.
Mwingine Harmala, mchonga mawe, mikono myeupe kwa vumbi.
Kati yao mungu, kimo cha mtoto wa miaka minne,
bado hana sikio la kushoto.

Denha anauliza kama mkaguzi wa hesabu:
"Una umri gani?"
"Hamsini na mavuno mawili."
"Na huyu?"
"Huyu nilimwanza tende zilipoanza kugeuka rangi."
"Basi wewe babu yake.
Mwaka juzi nani alishika jua,
huyu akiwa angali jabali, mbuzi wakijikuna kwake?"

Tena akianza hanyamazi.
Miungu ya Warumi, anasema, ina siku za kuzaliwa,
ina wakwe, ina kesi za mirathi;
mmoja ana kaburi kisiwani, na watu wanalizuru!
"Hesabu nyuma, Harmala. Hesabu tu.
Utafika mahali mungu wako hayupo
na wakati upo, unakwenda bila yeye
kama soko siku uliyolala na homa."

Hapo napapenda. Karani gani asingepapenda?

Harmala anapuliza vumbi. Hana hasira.
"Na wako? Nasikia naye alizaliwa.
Nasikia mna jina la mfalme aliyekuwa akihesabu watu,
na mama mnamtaja kwa jina.
Nikihesabu nyuma, shemasi, nitafika wapi?"

Kimya.
Kivuli kinatoka alama ya saba kwenda ya nane.
Denha anavua kiatu, anatia mguu majini.
"Maji haya yamezaliwa hapa?"
"Hapa yanatokeza. Kisima mama kiko mlimani,
pima ishirini chini, gizani."
"Basi."
"Basi nini?"
"Kutokeza si kuanza."

Harmala anacheka, na hacheki kwa dharau.
"Na jiwe langu unadhani lilianzia kwenye tindo?
Mlima ulikuwapo. Mimi natokeza sikio tu."
"Maji yalikuja yenyewe. Jiwe ulilibeba kwa punda."
"Kwa punda wawili," anasema Harmala, "na mmoja alikufa,"
akaligusa lile jiwe begani
kama mtu anayegusa ndugu yake mgonjwa.

Saa ya ukutani ya Bibi, mpaka alipofariki,
ilisema saa moja jua likichomoza.
Wajukuu waliosoma Maskati walitaka kuirekebisha.
Aliwapiga vidole kwa kijiko:
"Mnaanza kuhesabu usiku wa manane,
mmeona nini kimeanza?"
Sikuwahi kumpa jibu. Denha angempa,
refu, lenye vifungu. Harmala angeomba chai.

Simu inalia. Mtoto wa Thuwaini: "Maji lini, ami?"
Naondoa gunia na udongo mlangoni mwa mfereji,
maji yanageuka shambani, yanabeba majani makavu,
ganda la ndimu, uzi mwekundu wa mtu.

Nimeandika: athari ya nane, Thuwaini, imelipwa.
Ya saba sikuiandika kwa jina la yeyote.
Mwisho wa mwezi hesabu itapungua nusu saa,
na nitaulizwa.